Kibaraza cha kibuyu: sakafu na tundu viwe usawa mmoja

Mwezi Februari mdogo wangu anayeishi Louisville, katika jimbo la Kentucky huko Marekani, alinipigia simu nikiwa bado karakanani kwangu Kadutu, hapa Bukavu. Aliniambia: «Yaya, mwaka jana kwezi walinitobolea mayai yote. Nisaidie kutengeneza vibaraza, vibao vya kutua mbele ya matundu ya vibuyu, kabla ndege wangu hawajarudi.» Ndege wake ni mbayuwayu wa zambarau, mkubwa kuliko mbayuwayu wote wa Amerika ya Kaskazini, ambaye huhamia Amerika ya Kusini wakati wa baridi, hasa Brazili, kisha hufika Kentucky mwezi Machi akitafuta mahali pa kutagia. Katika mashariki ya Marekani ndege hawa wameacha karibu kabisa matundu ya miti na kutegemea nyumba wanazotundikiwa na watu. Nyumba ya zamani kuliko zote ni kibuyu, kwani Wachoctaw na Wachickasaw, wenyeji wa asili wa Marekani, walikuwa wakiwatundikia vibuyu tangu zamani.

Mimi ni seremala, na vibuyu navijua tangu utotoni, kwa kuwa bibi yetu alihifadhi maziwa ndani yake. Ninafurahi sana kwamba mmea huu, ambao asili yake ni Afrika, ndio unaowapa makao ndege wa mbali kiasi hicho. Hata hivyo, sikuwahi kutengeneza kibaraza cha ndege, na mara ya kwanza nilikosea.

Tulifanya kazi pamoja kwa simu, kwangu ikiwa saa mbili usiku na kwake saa saba mchana, mimi nikiwa na kibuyu nilichonunua katika soko la Kadutu na yeye akiwa na chake mezani. Nilikichukulia kibaraza kama ngazi ya mlangoni, nikamwambia akiweke sentimita tatu chini ya tundu ili ndege atue kwanza, kisha apande kuingia. Alikitundika kibuyu hicho nje ili tukijaribu, na siku ya nne akanitumia picha ya kwezi aliyekwisha kuingiza kichwa na mabega yote mawili, majani makavu yakiwa mdomoni.

Picha hiyo ndiyo iliyonifundisha. Kwezi wa Ulaya si mwenyeji wa Amerika: mwaka 1890 watu waliwaachilia takriban 60 katika bustani ya Central Park, New York, na uzao wao ukaenea bara zima ukinyang'anya matundu ya ndege wengine. Tundu la kumzuia hukatwa kwa umbo la nusu mwezi uliolalia upande wake ulionyooka, upana wake milimita 76 na kimo chake milimita 30. Mbayuwayu ana miguu mifupi sana, kwa hiyo hujilaza akapita kwa tumbo, lakini kwezi ana kifua kinene na miguu mirefu zaidi, hawezi kujibapa kiasi hicho akiwa amesimama juu ya sakafu ya kibaraza. Mimi nilikuwa nimemshushia sakafu. Alisimama chini ya tundu, akapata nafasi ya kuteremsha kifua chake, kisha akajisukuma ndani. Sakafu ikiwa usawa mmoja na ukingo wa chini wa tundu, au chini yake kwa milimita 12 tu, nafasi hiyo hupotea. Ndiyo maana ninasema kibaraza ni nusu ya mlango wenyewe, na anayekata nusu mwezi kwa vipimo sahihi kisha akapachika kibaraza popote hajafanya kazi yoyote.

Ugumu wa kiufundi ni kwamba kibuyu ni mviringo na ubao ni bapa. Ukiugandamiza ubao ulionyooka kwenye tumbo la kibuyu, unagusa katikati tu, pembeni panabaki uwazi, na skrubu ukiikaza ili kuuziba, ganda linapasuka. Nilichora kwanza kwenye katoni: nililaza penseli ikigusana na kibuyu, nikaitembeza polepole toka kushoto hadi kulia huku ncha yake ikiandika mviringo ule ule juu ya katoni, nikaikata, nikaijaribu, nikaipunguza kidogo mara mbili, kisha ndipo nikaihamishia kwenye ubao. Msumeno mwembamba hutoa umbo, tupa ya mviringo hulimalizia. Matundu ya skrubu nilianza kuyatoboa kwa keekee, na nyuma ya ganda nikaweka kipande cha mti ili skrubu ipate kushika.

Kibaraza cha ndani nacho ni muhimu, kikiwa katika usawa ule ule, kwa sababu humlazimisha kwezi kuendelea kujibapa hata baada ya kichwa kupita. Kwa mbayuwayu, sakafu laini huteleza, hasa ikilowa mvua, kwa hiyo nilikwangua mistari midogo kwa msumeno, nikapitisha kidole kuhakikisha kwamba kucha za kinda zingeshika. Mengine ni ya kawaida: matundu madogo ya kutoa maji chini, mlango wa pembeni wa kukagulia kiota, rangi nyeupe ya kupunguza joto.

Shomoro hazuiliki kwa tundu hili, kwa kuwa ni mdogo wa kutosha kupita, na mdogo wangu analazimika kukagua kila baada ya siku chache. Vilevile nilimshauri aviache vibuyu viwili na matundu ya duara ya milimita 54, kwani mbayuwayu aliyezoea duara husita mbele ya nusu mwezi.

Mwishoni mwa Aprili alinitumia video fupi. Kwezi anatua kibarazani, anaingiza kichwa, anasukuma mara tatu, anaruka kwenda zake. Baadaye mbayuwayu jike anafika, anajilaza juu ya ile mistari niliyomwelekeza kuikwangua, mabawa yamebanwa mwilini, na mkia wake unatoweka ndani. Vimebaki vibuyu vinne vya kuwekewa vibaraza, na katoni yangu ingali imetundikwa kwenye msumari juu ya meza.