Jinsi nilivyoandaa safari ya Lanzarote pamoja na mama

Mama yangu alikuja kunitembelea Düsseldorf mwezi wa Oktoba, akitokea Moshi, na kabla ya wiki ya pili kwisha baridi ilikuwa imemfungia ndani. Nilikuwa na likizo ya siku saba mwezi wa Novemba. Nilitaka mahali penye jua, ambapo goti lake la kulia lisingeteswa na ngazi, na penye jambo ambalo mtu aliyelima kahawa na migomba mitelemkoni mwa Kilimanjaro maisha yake yote angelitazama kwa hamu. Nilichagua Lanzarote, kisiwa cha Uhispania katika Visiwa vya Kanari, kilomita zipatazo 125 kutoka pwani ya Afrika, ambako volkano zililipuka mfululizo kuanzia mwaka 1730 hadi 1736 na kufunika vijiji na mashamba ya ngano.

Jambo la kwanza nililolishughulikia lilikuwa viza, na hapo ndipo nilipokaribia kukosea. Kibali changu cha ukazi cha Ujerumani kinaniruhusu kwenda Uhispania bila viza nyingine, na viza ya mama ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inatambuliwa pia katika Visiwa vya Kanari, kwa kuwa navyo vimo katika eneo hilo. Hata hivyo, viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja tu. Tiketi ya bei nafuu kuliko zote niliyoipata ilipitia Uingereza, nami nilikuwa nimekwisha kujaza majina yetu nilipokumbuka kwamba Uingereza haimo katika Schengen. Mama angehesabiwa kuwa ametoka, asingeweza kuingia tena, na huenda angehitaji viza nyingine kwa ajili ya kupita tu. Nilifuta kila kitu nikalipa zaidi kwa ndege ya moja kwa moja, inayochukua takriban saa nne na nusu. Kwa yeyote anayesafiri na mzazi aliyetoka nyumbani, ningeomba asome kwanza idadi ya kuingia iliyoandikwa kwenye viza, ndipo atazame bei. Nilihakikisha pia kwamba bima yake ya safari, ambayo kwa masharti ya viza lazima ifikie angalau euro 30,000, ilikuwa bado hai kwa tarehe zetu zote.

Gari la kukodi lilinipa shida ndogo. Kampuni niliyoichagua ilitaka kuzuia dhamana kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva, wakati mimi nilikuwa na kadi ya kawaida ya benki, hivyo nikatafuta kampuni nyingine iliyokubali kadi yangu.

Malazi tuliyapata Playa Blanca, kusini mwa kisiwa, katika nyumba ya ghorofa ya chini. Nilimwandikia mwenye nyumba kumuuliza idadi ya vidato kutoka barabarani hadi kitandani, na sikuona haya kuuliza hivyo, kwa sababu picha za matangazo huonyesha bahari lakini hazionyeshi ngazi. Kwa sababu hiyohiyo niliiondoa Cueva de los Verdes kwenye ratiba, ingawa mimi mwenyewe nilitamani sana kuliona pango hilo lililochimbwa na mto wa lava. Njia yake ina urefu wa karibu kilomita moja, na mahali pengine mtu hulazimika kuinama.

Hifadhi ya Taifa ya Timanfaya, kinyume chake, ilimfaa mama kuliko nilivyotarajia. Magari binafsi huishia mahali paitwapo Islote de Hilario, na kutoka hapo basi la hifadhi huwazungusha wageni kilomita 14 kati ya vilima vya volkano bila mtu yeyote kushuka. Tulifika asubuhi mapema, kabla ya foleni. Mfanyakazi wa hifadhi alimimina maji katika bomba lililozikwa ardhini, na mara mvuke ukaruka juu kwa kishindo. Mita 13 tu chini ya hapo, joto hufikia nyuzi 600. Mama alinishika mkono, akauliza kama mlima wetu nao una moto wa namna hiyo ndani. Nilimweleza kuhusu gesi inayofuka kileleni Kibo, naye akanyamaza kwa muda mrefu.

La Geria niliipangia nusu siku. Huko wakulima wamechimba mashimo mapana katika changarawe nyeusi ya volkano ili mizizi iufikie udongo wa zamani uliofukiwa chini, na katika kila shimo wakapanda mzabibu mmoja au miwili, wakaukinga na upepo kwa ukuta mfupi wa mawe wenye umbo la nusu duara. Kisiwa hakina mto, na mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 200. Changarawe hiyo hupokea unyevu wa usiku na kuuzuia usikauke na jua. Mama, ambaye amezoea maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, yanayopita kando ya kihamba chake, shamba la nyumbani la Wachaga, alichuchumaa kwa shida pembeni mwa shimo moja, akafukua kwa vidole, akanionyesha unyevu.

«Mwanangu, huyu ametandaza mawe kama sisi tunavyotandaza majani ya migomba,» alisema.

Nilikuwa nimeiacha siku ya mwisho bila mpango wowote, endapo goti lingevimba. Halikuvimba. Nilimpa achague ufukwe au soko la Teguise, lakini aliomba turudi La Geria, akamwone mwenye shamba amuulize mzabibu mmoja hutoa kilo ngapi.