Ibara ya 37(5) na mwaka 2021

Mwaka 2021 nchini Tanzania nauhesabu kuanzia Februari 17. Siku hiyo moja walifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Chama cha Maalim kilikuwa kimeshatangaza kwamba ana korona, lakini takwimu za taifa zilikuwa zimeganda tangu Mei 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Msiba bila takwimu huzaa uvumi, na uvumi ulitutesa sana.

Mwezi mmoja baadaye, usiku wa Machi 17, Makamu wa Rais, Mama Samia Suluhu Hassan, akatangaza kupitia televisheni ya taifa, TBC, kwamba Rais John Magufuli amefariki katika Hospitali ya Mzena, Dar es Salaam, kwa maradhi ya moyo.

Hapo ndipo Katiba ilipotusitiri. Ibara ya 37(5) inasema kiti cha Rais kikiwa wazi, Makamu ataapishwa na kumalizia muda uliobaki. Hakuna uchaguzi mdogo, hakuna Rais wa kukaimu. Upungufu wake ni kwamba haisemi kiapo kiliwe ndani ya saa ngapi, na katika taifa lenye hofu pengo hilo si dogo hata kidogo. Samia aliapa Machi 19 mbele ya Jaji Mkuu Ibrahim Juma. Kisha ikafuata hatua ya pili: kushauriana na chama, kupeleka jina la Makamu mpya bungeni, na kupata kura zisizopungua nusu ya wabunge wote. Machi 30 Philip Mpango alipata kura zote 363, akaapishwa kesho yake. Na kwa kuwa muda uliobaki ulizidi miaka mitatu, Ibara ya 40(4) inamruhusu aliyerithi kiti kugombea mara moja tu.

Kuaga mwili wa Magufuli hakukuwa na mpangilio wa namna hiyo. Machi 21, msongamano katika Uwanja wa Uhuru uliua watu 45. Inauma hadi leo.

Kwenye korona, mwelekeo ulibadilika taratibu: kamati ya wataalamu mwezi Aprili, kisha Julai 24 zikapokelewa dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson. Chanjo hiyo ilitufaa: sindano moja tu, na inatunzwa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8. Julai 28 Rais alichanjwa hadharani Ikulu. Hata hivyo, kwa nchi ya watu karibu milioni 60, shehena nzima ilimtosha mmoja tu kati ya kila sitini hivi.