Nani Atalifungua Tena?

"Andika tu, mwanangu. Daftari hili nani atalifungua tena?"

Maneno ya Mjomba hayo, Jumamosi jioni, mechi ya kriketi ya kina mpwa wangu ilipokwisha. Tangu hapo wifi kajifungua mapacha (salama wote, majina bado yanagombewa), bosi kahamishiwa Dodoma, hesabu za robo mwaka tumezifunga, na mimi bado niko palepale chini ya mwembe namsikia Mjomba akisema nani atalifungua tena.

Wenyeji wa ukurasa huu mnajua jinsi kaka alivyonitia kwenye hii kazi ya kuandika alama za kriketi za timu ya shule ya mwanawe. Na mnajua aliyenifundisha ni Mjomba, enzi zile Tanga, akiwa bado yuko reli. Mpira usio na mkimbio (mkimbio ndiyo pointi ya kriketi) ni nukta. Kila ova, yaani mipira sita ya mrushaji mmoja, ina kisanduku chake. Mpigaji akitolewa, hiyo ni wiketi. Kalamu ya risasi, si ya wino. Na mwisho wa yote, upande wa wapigaji na upande wa warushaji lazima vikutane: mikimbio ya wapigaji pamoja na ya ziada kwa huku, waliyofungwa warushaji pamoja na ile ya ziada ambayo mrushaji hahesabiwi kwa kule. Visipokutana, hulali.

Sasa Jumamosi havikukutana.

"Mjomba, huku 114, huku 111."

"Za ziada umezihesabu?"

"Nimezihesabu mara mbili."

"Wameshinda, hawakushinda?"

"Wameshinda, tena kwa wiketi sita."

"Basi andika tu, mwanangu. Daftari hili nani atalifungua tena?"

Akakaza kifuniko cha chupa yake ya chai, akainuka, akaanza kumtafuta kaka kwa macho ampeleke nyumbani. Wala hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningeelewa. Alisema kama mtu anayekwambia mvua imeanza. Na huyu ndiye aliyewahi kunirudishia ukurasa mzima niuandike upya, nina miaka kumi na moja, kwa sababu nukta moja ilikaa kwenye kisanduku cha jirani!

Majibu nimeyapata, kama kawaida, baada ya mtu kuondoka. Nimeyatunga nikiwa nimesimama kwenye mwendokasi, nimeyatunga nikikatakata kitunguu. Jibu zuri kuliko yote ni habari za mtoto mmoja wa Kiingereza ambaye nilitaka nimpigie simu Mjomba nimsomee.

Anaitwa A. E. J. Collins. Alizaliwa India, Hazaribagh, mwaka 1885, baba yake akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko. Alipofika shule ya bweni ya Clifton College, Bristol, alikuwa tayari yatima wa baba na mama. Juni 1899, akiwa na miaka 13, bweni lake la Clark's House likapangiwa kucheza na North Town. Mechi ya watoto wa shule, wala si ya wakubwa. Collins akashinda kura ya sarafu, akachagua kupiga, akaingia uwanjani alasiri ya tarehe 22. Hawakumtoa. Walicheza baada ya masomo, kengele ikilia wanaacha, kesho wanaendelea, na habari ikaanza kusambaa mpaka watu wa mjini wakawa wanakuja kutazama. Alikaa saa 6 na dakika 50 na fimbo mkononi. Mpigaji wa mwisho, Redfern, alipata mikimbio 13 tu, lakini wawili hao waliongeza 183 kabla mpira aliopiga Redfern haujadakwa, akatoka. Clark's House wakawa na 836. Collins peke yake, bila kutolewa, 628.

Halafu akaja kurusha yeye, akachukua wiketi 11. North Town walipata 87 mzunguko wa kwanza, wakapata 61 wa pili, wakafungwa kwa mzunguko mmoja na mikimbio 688. Nawahurumia North Town mpaka leo.

Alama hiyo ya 628 ilikaa kuwa kubwa kuliko zote duniani kwa miaka 116, mpaka Januari 2016, kijana wa Mumbai, Pranav Dhanawade, alipopata 1009 katika mechi ya shule. Na wakati huo wote watu walikuwa wakirudi kwenye daftari gani? Daftari la alama za mechi ya mabweni, lililoandikwa na mtu kama mimi, pengine na mbu wanamuuma. Hapo nilikuwa nimeshamshinda Mjomba kabisa. Nilishaona namna nitakavyonyamaza kidogo kwenye simu ili aisikie vizuri.

Kasoro ikaja kwa huyo mwandika alama mwenyewe. Aliitwa Edward Peglar, na inasemekana alipoulizwa juu ya hiyo 628 alijibu kwamba tuseme 628, ikizidi au ikipungua ishirini.

Ishirini! Mimi sina usingizi kwa mitatu.

Nikachukua kikokotoo, maana kazi yangu ndiyo hiyo na siwezi kujizuia. Mgawanyo upo: mapigo ya mikimbio sita ni moja, ya tano 4, ya nne 31, ya tatu 33, ya mbili 146, ya mmoja 87. Jumlisha wewe mwenyewe. 6, 26, 150, 249, 541, 628. Imekutana. Hizo mbili 146 nilizitilia shaka mwanzoni, nani anapiga mbili nyingi hivyo? Kumbe uwanja ule ulikuwa mwembamba, na upande mmoja mpira ukifika mpakani unaandikiwa mbili tu, wakati upande wa mteremko unakimbia mpaka mpira urudi. Kwa hiyo karatasi imekaa sawa, halafu aliyeiandika hana uhakika nayo. Nimekutana na vitabu vya namna hiyo kazini. Vile vinavyokutana mpaka senti ya mwisho ndivyo tunavyovifungua kwanza.

Ningeishia hapo ningekuwa na ubishi mtamu wa kumpelekea Mjomba. Tatizo niliendelea kusoma.

Collins hakuwa mchezaji mkubwa ukubwani. Hakuwahi hata kucheza kriketi ya daraja la kwanza. Aliingia jeshini, chuo cha Woolwich, akawa ofisa wa wahandisi, Royal Engineers, akatumikia India alikozaliwa, akicheza mechi za jeshi anapopata nafasi. Nafikiri kila mgeni aliyetambulishwa kwake alimuuliza kitu kimoja. Miaka kumi na tano mtu anakupa mkono na kukuuliza ulichofanya ukiwa na miaka 13. Sijui alikuwa anajibu nini. Mimi ningekuwa nimechoka ifikapo mwaka wa pili.

Mwaka 1914, majira ya kuchipua, akaoa. Mke aliitwa Ethel. Agosti vita ikaanza, akapelekwa Ufaransa, kisha Ubelgiji. Wiki ambayo huku Tanga majeshi ya Waingereza yaliyoshushwa kutoka India yalikuwa yanakimbizwa na risasi za Wajerumani na nyuki (hadithi ya nyuki Mjomba anaisimulia kama alikuwepo), Collins alikuwa kwenye mahandaki karibu na Ypres. Siku chache baadaye, tarehe 11 Novemba, alikuwa anaashiria waletwe askari zaidi walinde ubavu wa handaki lao, akapigwa. Alikuwa na miaka 29. Ndoa haijamaliza mwaka.

Kaburi hana. Jina lake liko kwenye ukuta wa Menin Gate, lango la kumbukumbu pale Ypres, pamoja na majina mengine zaidi ya 54,000 ya watu ambao miili yao haikutambulika au haikuonekana.

Hapo nikaweka simu chini. Nikajikuta nafikiria aliyekuwa anaandika kwenye handaki, maana jeshini nako kuna daftari, kuna ofisa anayejaza kila jioni waliokufa wangapi, waliojeruhiwa wangapi, waliopotea wangapi. Huyo anaandikia magotini, kwenye matope, na kesho yake anaweza kuwa yeye ndiye wa kuandikwa. Sidhani alikuwa anakagua kama pande mbili zinakutana.

Ndipo likanijia faili la Mjomba.

Mliokuwa mnanisoma zamani mtalikumbuka. Mjomba alianza kazi Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa hai, ikavunjika mwaka 1977, na miaka aliyotumikia kabla ya hapo ikawa ya kudai. Sikai hapa kuitaja ofisi. Nakumbuka tu mfuko wa rambo wenye barua zake za ajira, na stakabadhi alizokuwa amezipanga kwa mwaka, kila mwaka na uzi wake, kwa mkono uleule uliokuwa unanisahihishia nukta. Alikuwa anapanda basi la usiku Tanga kuja Dar, analala kwetu sebuleni, alfajiri anaoga, anavaa shati la kaunda, anakwenda. Jioni Mama anamuuliza, "Vipi kaka?" Naye anasema, "Faili halionekani." Safari inayofuata, faili halionekani. Kuna siku alikuta kijana mpya dirishani, akamwonyesha nakala zake zote, safi, zimegongwa mihuri. Kijana akazipitia kwa adabu, akamwambia, "Mzee, wewe umetunza vizuri kuliko sisi." Mjomba alikuwa anaisimulia kama kichekesho. Hakuna aliyecheka zaidi ya mara moja.

Sasa nikimsikia Jumamosi, "daftari hili nani atalifungua tena," sauti ni ileile lakini haiulizi nilichokuwa nadhani inauliza. Na huenda naongeza chumvi. Huenda alikuwa amechoka tu, kiuno kinamuuma, anataka kwenda kula.

Jana alipiga yeye. Kuhusu mapacha. Anataka wa kiume apewe jina la babu, na ameshaanza kampeni kwa kaka, kwa Mama, sasa amefika kwangu. Tukaongea weee. Habari za Collins sikumpa. Karibu tunaagana akasema, "Angalia ova ya kumi na mbili, yule mtoto wa mkono wa kushoto. Nafikiri ulikuwa unaongea na wifi yako pale." Akakata.

Nimeiangalia. Ova ya kumi na mbili ina nukta sita, safi kabisa, nilizozichora mimi, na sikumbuki kuuona hata mpira mmoja wa hizo sita. Inawezekana tatu iko humo. Inawezekana haimo. Mpwa nimemuuliza, anasema shangazi mimi nilikuwa nakula chungwa.

Kingine kinachonisumbua hakihusiani na haya. Kadi ya bima ya Mama inaisha mwisho wa mwezi, kliniki yake ya presha ni wiki inayofuata, na fomu ya kumhuisha inataka sahihi ya bosi. Bosi yuko Dodoma. Wa kumrithi hajaripoti, na kaimu anasema yeye hana mamlaka ya kusaini za wategemezi. Dawa zilizobaki nimezihesabu, zinafika Jumapili.