Bili ya saa nzima kwa kuzungusha ringi ya springi

Kinachoudhi huku kwenye theluji ni bili ya pikipiki ya theluji iliyoandikwa "marekebisho ya shokapu", saa nzima ya ufundi, wakati kazi yenyewe ni kuzungusha kwa spana moja ringi inayokaza springi. Na mara nyingi fundi hata hajampima mwenye mashine akiwa ameikalia! Nyie mnaojiandaa kuja kufanya kazi kwenye nchi za baridi, mashine hii mtaikuta. Jifunzeni kuirekebisha wenyewe.

Anza nyuma. Inua bampa mpaka shokapu zinyooke, mkanda (ule wa mpira unaoisukuma mashine) ukiwa bado umegusa chini, upime kutoka ardhini hadi bampa. Kisha dereva apande na mavazi yake yote na mzigo, upime tena. Tofauti ikaribie robo ya mwendo wote wa nyuma ya mashine, kupanda na kushuka. Ikizidi theluthi, springi ni legevu mno. Kama springi zinakazwa kwa kipande cha kuzungusha chenye pembe za urefu tofauti, panda hatua moja moja, usiruke kutoka ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, na kushoto na kulia ziwe sawa.

Kwenye theluji nene, kinachoamua ni shokapu ya kati, ile ya mbele ndani ya mkanda, na hapa ndipo wengi hukosea. Wanaikaza ili ski, ile miguu bapa ya mbele inayoteleza, ziwe nyepesi na usukani uwe laini. Barabarani inafaa. Kwenye theluji isiyokanyagwa, springi ngumu hapo huisukuma mbele ya mkanda ishuke, mkanda unaikabili theluji kwa pembe kali, na badala ya kupanda juu yake unachimba handaki. Ilegeze mzunguko mmoja au miwili, mkanda ulale. Uzito utarudi kwenye ski, kwa hiyo legeza kidogo na springi za ski. Mashine itainama kirahisi unapokata ubavu wa mlima. Usilegeze hadi springi icheze kwenye ringi yake.

Kuna pia mshipi unaozuia mbele ya mkanda isishuke kupita kiasi. Ukiufupisha tundu moja, ski zinabaki chini unapopanda mlima. Ukiurefusha, pua inainuka kila ukivuta mafuta na usukani haushiki. Ukigusa mshipi huo, kagua tena mkazo wa mkanda, maana hubadilika.

Badilisha kitu kimoja, endesha njia ileile, andika. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.

Shokapu za hewa zijaze zikiwa baridi, nyuma ikiwa imeinuliwa bila mtu juu, kwa pampu ya shokapu. Ile ya matairi hupoteza hewa nyingi kwenye chombo kidogo hivyo. Na kabla ya kuondoka asubuhi, futa barafu kwenye fimbo za shokapu. Ikiganda hapo, hukata sili, ule mpira unaozuia mafuta, mafuta yanavuja, na hakuna ringi itakayorudisha ulaini.