Mirusho Mitatu ya Rivera

Kitinda mimba wangu siku hizi hana utani na sheria za besiboli. Juzi tulikuwa tunaangalia ile video ya Oktoba 2004, Dave Roberts wa Boston Red Sox akiiba kituo cha pili dhidi ya New York Yankees (kuiba ni kukikimbilia kituo wakati mrushaji anamrushia mpigaji), ile ambayo kwetu hairuki mwaka, akanishika mkono: "Baba, simamisha hapo. Huo ni mrusho wa tatu. Si kosa la mrushaji hilo? Si Roberts angepewa kituo cha pili bure?"

Yuko sahihi. Kwa sheria iliyoanza 2023, mrushaji ana nafasi mbili tu kwa kila mpigaji za kurusha kituo cha kwanza au kutoa mguu kwenye kibao anachosimamia. Akirusha mara ya tatu asimtoe mkimbiaji, ni kosa, na mkimbiaji anasogea kituo kimoja mbele. Sasa Mariano Rivera wa Yankees, usiku ule, alirusha kituo cha kwanza mara tatu mfululizo kabla hajampa Bill Mueller hata mpira mmoja wa kupiga. Kwa sheria za leo Dave Roberts angejikung'uta vumbi akaenda kituo cha pili akitembea, na sisi tusingekuwa na video ya kubishania.

Mimi nilikuwa zamu ya usiku, kwenye nyumba ya wazee kaskazini mwa Boston. Walioifanya kazi ile hawahitaji maelezo. Ilikuwa Jumapili, tarehe 17. Katika mfululizo wa michezo saba, Red Sox walikuwa wameshachapwa na Yankees michezo mitatu, ule wa tatu kwa 19-8 usiku wa kuamkia siku hiyo, na katika ligi kuu ya besiboli hakuna timu iliyowahi kuwa chini tatu bila halafu ikashinda mfululizo kama huo. Watu wenye akili zao walikuwa wamelala. Aliyekuwa macho ni mzee mmoja, na daftari lake la kuandikia mchezo, na penseli aliyoichonga kwa kisu cha siagi kwa sababu kisu cha kweli hakuruhusiwa. Alizaliwa baada ya 1918, mwaka ambao Red Sox walichukua ubingwa mara ya mwisho. Maana yake timu yake haikuwa imechukua ubingwa hata mara moja tangu avute pumzi ya kwanza.

Raundi ya tisa, ya mwisho kwa kawaida, Yankees 4, Red Sox 3. Rivera yuko kilimani, yaani kwenye tuta la mrushaji, tangu ya nane. Kevin Millar wa Red Sox akapewa kituo cha kwanza kwa mipira minne mibaya. Millar hana mbio. Kocha Terry Francona akamkonyeza mtu kwenye benchi, akatoka Roberts kukimbia badala yake.

Huyu Roberts alikuwa nani? Mchezaji wa uwanja wa nyuma, mwembamba, mwenye miguu, ambaye hakuna timu iliyomfanya nguzo yake. Alizaliwa Naha, Okinawa, baba Mmarekani mwanajeshi na mama Mjapani. Detroit walimchagua 1994 katika awamu ya 28 ya uchaguzi wa chipukizi, awamu ambayo wengi wanaochaguliwa hata basi la ligi ndogo wanalipanda msimu mmoja au miwili wakarudi kwao. Alifika ligi kuu akiwa na miaka 27, na Cleveland. Kisha Dodgers wa Los Angeles. Tarehe 31 Julai 2004 Boston wakamchukua, siku ileile waliyomwondoa nyota wao Nomar Garciaparra, kwa hiyo magazeti hayakuwa na nafasi ya kumwandika. Msimu ule, timu mbili zikijumlishwa, alijaribu kuiba vituo mara 41 akanaswa mara 3. Hesabu za mchezo huu zinasema ukinaswa zaidi ya mara moja kati ya nne, afadhali ubaki ulipo. Yeye alikuwa mbali sana na mstari huo, ndiyo maana walimweka benchi kama ufunguo wa akiba. Katika michezo mitatu ya kwanza na Yankees hakukanyaga uwanja.

Basi anaingia akiwa baridi, Oktoba, karibu saa sita usiku. Na kila mtu uwanjani Fenway anajua amekuja kuiba. Alipokuwa Dodgers alifundishwa na Maury Wills, aliyeiba vituo 104 mwaka 1962, na Wills alikuwa amemwonya kwamba itafika siku ambayo uwanja mzima utajua unakwenda, na itakubidi uende hivyohivyo.

Saa ile mimi nilikuwa na kazi ya kupima presha ya saa sita. Nikamfunga mzee kitambaa cha kipimo mkononi, nikaanza kubonyeza puto. Akanipiga kwenye vidole kwa penseli. "Kijana, usiangalie mpira. Angalia kisigino."

Hilo ndilo somo, na mpaka leo nalifundisha hivyohivyo. Mrushaji wa mkono wa kulia anapokuwa kilimani na mtu yuko kituo cha kwanza, anasimama ubavu, amempa mkimbiaji mgongo nusu. Kuna visigino viwili vya kuangalia. Kikitikisika kwanza cha mguu wa kulia, ule wa nyuma ulioshika kibao, anageuka kurusha kwako: rudi. Kikinyanyuka kwanza cha kushoto, ule wa mbele, mpira unakwenda kwa mpigaji na hawezi tena kubadili nia: nenda. Macho yake yanadanganya, mabega yanadanganya. Kisigino hakina uongo mwingi.

Mkimbiaji anaachana na kituo kiasi cha mita tatu na nusu hadi nne. Anasogea kwa kuburuza, mguu wa kushoto usipite mbele ya wa kulia hata mara moja, maana ukinaswa umepishanisha miguu huwezi kurudi. Uzito uwe kwenye nyayo za mbele, si visiginoni. Wengi wanaonaswa hawanaswi kwa ajili ya mbio; wameshaegemea kituo cha pili kabla ya mrushaji kuamua, na mwili ulioegemea upande mmoja hauwezi kugeuka haraka.

Mrusho wa kwanza. Roberts akarudi bila shida. Wa pili, akarudi kwa kujitupa, karibu zaidi. Wa tatu ulikuwa wa roho mkononi. Ilibaki kidogo sana wamnase, na matumaini ya mechi yote yangekaribia kuishia hapo, na ya msimu. Mzee hakusema neno. Mimi puto la kipimo lilikuwa mkononi nimelibana tu, silijazi wala siliachii.

Baadaye Roberts mwenyewe alieleza kwamba mirusho ile ndiyo iliyompasha moto. Wa kwanza ulimtoa woga, wa pili ukamwamsha miguu, kufika wa tatu alijiona yumo mchezoni kana kwamba alianza tangu raundi ya kwanza. Jambo ambalo Rivera alikuwa nalo la kumuumiza zaidi ni kukaa na mpira. Wakati ule hapakuwa na saa ya kumhesabia mrushaji muda. Angeweza kusimama, asimame, asimame tena, mpaka misuli ya mashavu ya miguu ikaze kwa kusubiri na mkimbiaji apoteze ule mchipuko wa hatua ya kwanza. Septemba ya mwaka ule Roberts alikuwa ameshamwibia Rivera kituo cha pili kule New York, kwa hiyo mchezo ule wa kuchelewesha aliujua.

Kisigino cha kushoto kikanyanyuka. Akaenda.

Hesabu yake ni hii. Kutoka mrushaji aanze kusogea mpaka mpira ufike kwenye glavu ya mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, sekunde 1.3 hivi kwa mrushaji mwepesi. Mdakaji mzuri anaupokea, anautoa, anaurusha mpaka kituo cha pili, mita karibu 39, kwa sekunde 2 au pungufu kidogo. Jumla 3.3. Vituo vimeachana mita 27.4, ondoa zile nne za kuanzia, mkimbiaji ana mita 23 na ushei za kumaliza katika muda uleule, na mwishoni ajitupe. Mwanya unaobaki ni wa kupepesa jicho, na anayeuamua zaidi ni mkimbiaji kwenye hatua yake ya kwanza: mguu wa kushoto unakatiza mbele ya wa kulia, kiwiliwili chini. Ukiinuka kwanza ndipo ukimbie, umekwisha.

Mpira wa Rivera ulikwenda juu na nje, mbali na Mueller, ambao kwa mdakaji ni zawadi, maana anaupokea akiwa tayari ameinuka. Jorge Posada, mdakaji wa Yankees, akaurusha vizuri. Watu husahau hili. Ulikuwa mrusho mzuri. Mwenzake Derek Jeter akaupokea pale pale kwenye kituo akashusha glavu, na Roberts alikuwa amejitupa kifua mbele, mkono umetangulia. Kujitupa nako kuna pahala pake: ukijitupa mapema udongo unakusimamisha kabla hujafika, ukichelewa unakigonga kituo kwa nguvu unateleza kupita, au unavunja vidole. Siku hizi wanavaa glavu ngumu kama kibao cha chapati kulinda vidole. Roberts hakuwa nayo.

Mwamuzi akatandaza mikono. Salama.

Mzee akainuka. Nasema akainuka, mtu ambaye huwa tunamwinua wawili, na kitambaa cha kipimo bado kimemfunga mkono na mpira wake wa hewa unaning'inia. Ikabidi nimpime upya baadaye. Kipimo cha kwanza kisingefaa kumwonyesha nesi.

Mueller akapiga katikati, mpira ukampita Rivera kando, Roberts akazunguka kituo cha tatu akaingia nyumbani, pointi ya kusawazisha. 4-4. Raundi ya 12 David Ortiz wa Red Sox akautuma mpira nje ya uwanja, 6-4, ilikuwa saa saba na zaidi ya usiku. Mchezo wa tano Roberts akaingizwa tena badala ya Millar, akatoka kituo cha kwanza mpaka cha tatu kwa pigo moja la Trot Nixon, akaingia nyumbani kwa mpira uliopigwa juu na Jason Varitek. Mara mbili Yankees wameshika uongozi mkononi, mara mbili aliyesawazisha ni yeye, na katika mfululizo ule wote hakushika gongo. Yaliyofuata yanajulikana: Red Sox walishinda nne mfululizo, kisha kwenye fainali St. Louis wakafagiwa nne bila. Katika fainali hizo Roberts hakuchezeshwa hata raundi moja. Desemba wakamuuza San Diego.

Nilimwomba mzee siku chache baadaye nione ukurasa ule wa daftari. Kwenye kisanduku cha Millar kulikuwa na mstari, jina la Roberts kwa herufi ndogo, na alama ya wizi. Mirusho mitatu haikuwamo. Uandishi wa mchezo hauna alama ya mrusho usiozaa kitu. Mpira ukirudi kwa mrushaji na mtu yuko palepale, kwa daftari hakuna kilichotokea.

Sasa turudi kwa mwanangu. Hoja yake ni kwamba sheria mpya ingemsaidia Roberts. Vituo vyenyewe vimepanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18 kila upande, kwa hiyo kutoka cha kwanza mpaka cha pili pamepungua inchi nne na nusu. Saa inamlazimisha mrushaji, hawezi kumkausha mtu miguu. Mwaka 2023 wizi ulipanda hadi 3,503 kutoka 2,486 wa mwaka uliotangulia. Hesabu hizo anazo kichwani kuliko za shule.

Hoja yangu ni kwamba Rivera naye si mjinga. Angejua ana mbili tu, pengine asingetumia hata moja, angebaki nazo kama silaha ya kumtisha. Na Roberts angekimbia mpira wa kwanza akiwa na miguu ya mtu aliyetoka kukaa benchi, bila kuona hata mara moja Rivera anageukaje usiku huo. Inchi nne na nusu zingetosha? Au angerusha mbili, Roberts akajua ya tatu haiji kirahisi, akajiongezea hatua nzima ya kuanzia kama wanavyofanya wengi sasa, na Posada asipate hata sababu ya kuutoa mpira kwenye glavu?

Tumebishana mpaka mama yake akazima taa za sebuleni. Roberts alistaafu na vituo 243 vya wizi, michezo 832, timu tano. Amekuwa kocha mkuu wa Dodgers tangu 2016, ana ubingwa, ana wakimbiaji wake mwenyewe wa kuwatuma au kuwazuia. Mwanangu anataka tumwandikie barua tumuulize. Nimemwambia aandike yeye, kwa Kiingereza, na asisahau kutaja kwamba baba yake hakubali.