Nilivyopata CD nzuri za jazi ya zamani nikiwa Dar

Napiga gitaa, na jazi najifunza kwa kufuatisha CD. Nilipofika kwenye "So What" ya mpiga tarumbeta Miles Davis, gitaa nimelityuni vizuri lakini haliingiani na CD. Sauti ya kwenye CD ilikuwa juu kidogo, haifiki hata nusu sauti, ila sikio linasumbuka. Nikafuatilia. Kumbe ni jambo la studio huko New York, Machi 1959: mashine ya kurekodia ilikuwa inazunguka polepole, hivyo kanda ilipopigwa kwa mwendo wa kawaida, muziki ukaenda kasi na sauti ikapanda. Upande wa kwanza wote wa Kind of Blue, albamu yenye wimbo huo, uliuzwa hivyo zaidi ya miaka 30. Mashine ya akiba ilikuwa salama, na kanda yake ndiyo iliyotumika miaka ya 1990. Nikatafuta toleo la 1997, na nyuzi zikakubali.

Tangu hapo, kabla sijatoa hela nauliza CD imetolewa kwenye kanda gani. Ulaya, rekodi zilizotoka kabla ya 1963 hazina tena hakimiliki, kwa hiyo kampuni yoyote inaweza kuzitoa. Ndiyo maana unakuta albamu mbili kwenye CD moja kwa bei ya kutupa, na nyingine zimenakiliwa kutoka kwenye santuri. Kijitabu kisipotaja kanda wala fundi wa sauti, mimi naiacha. Za Blue Note, kampuni ya rekodi za jazi ya Marekani, natafuta zile alizozishughulikia upya Rudy Van Gelder, fundi aliyezirekodi mwenyewe. Alianza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990, na jina lake liko kwenye jalada.

Nanunua zilizotumika, zinafikia kwa shemeji yangu Uingereza. Namwomba atoe makasha, abakize CD na vijitabu, maana makasha yanaongeza uzito na hupasuka njiani. Mtu akija Dar, anabeba. Makasha matupu nanunua Kariakoo.

Njia hiyo hiyo ilinipatia CD ya tatu ya mfululizo wa Zanzibara, nyimbo za bendi zetu za miaka ya 1960, iliyotolewa Ufaransa na Buda Musique. Kijitabu chake nimekisoma mpaka kimelegea. Inaniuma kwamba muziki wa dansi wa nyumbani nimeagiza kutoka Ulaya, na ningefurahi sana kulipia toleo kama hilo likitengenezwa hapa Dar.