Mnavu wa babu

Jana mtoto karudi shule soksi zimejaa kishona nguo, nikakaa nae kibarazani nachomoa kimoja kimoja, akauliza mama haya majani yana kazi gani? Nikajibu kwa maringo kabisa, machanga yake ni mboga, na ukijikata unayaponda unabandika, damu inakata. Akasema "kumbe we unajua majani yote!" Hapo nikanyamaza. Mara ya mwisho kujiona najua majani yote ilikuwa Moshi.

2009 hiyo, mwaka wa pili chuo, masika, bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, wiki ya nne halijaingia. Rumeti wangu Manka, mtu wa Kibosho, ndo alikuwa bibi wa majani hosteli nzima. Kivumbasi anafunga mafungu ananing'iniza dirishani mbu wakose hamu, mwarobaini anakuchemshia ukitamka tu kichwa kinauma (nilikunywa mara moja, ule uchungu sijauona tena popote), mbegu za mnyonyo kule nyuma ya jiko alitukataza hata kuchezea, sumu ile. Sasa mimi mtu wa Dodoma nimekua na mlenda na mgagani, mboga za porini nifundishwe na nani?

Jumamosi Manka kaenda kwao, njaa inauma, nikazunguka nyuma ya hosteli karibu na uzio, nikakuta mnavu umestawi jamani, majani mapana, laini, hata tundu la mdudu hakuna. Nikang'oa. Sio kuchuma, kung'oa na mizizi, ndoo nzima ikajaa. Vitunda vya kijani nikatupa maana vibichi vinadhuru, nikachemsha nikamwaga maji ya kwanza uchungu upungue, nikatia karanga, tukala ugali wasichana sita, sifa zote zangu.

Jumapili jioni Manka karudi, kafunua kiporo.

"Mnavu umetoa wapi?"

"Pale kwenye uzio, umejiotea tu."

"Yesu mae! Umejiotea kwa mistari?"

Na kweli ilikuwa mistari. Niliiona kabisa wakati nang'oa, macho yaliona ila tumbo ndo lilikuwa linaongoza. Kumbe ule mnavu wa babu mlinzi wa usiku, kamwaga mbegu mwenyewe, anawauzia mama ntilie wa getini.

Nikasema basi nitampelekea hela, ingawa hela yenyewe ipi sijui. Manka akasema hela usithubutu, utakuwa umemtukana mara ya pili. Saa 12 kasoro asubuhi akaniamsha, tukatoka na kanga kwenye ukungu, akakata jani la sale kwenye ua wa nyumba za walimu (ndio, na lenyewe la mtu, wala hakujali), akanipa. Shika kwa mikono miwili, usiongee sana.

Babu alikuwa amesimama pale pale kwenye udongo uliofukuliwa, koti refu, tochi bado inawaka mkononi wakati kumeshaanza kupambazuka, na nyuma yake mlima ulikuwa umefunguka, mweupe, kama umekuja kushuhudia.

"Shikamoo babu."

Hakuitika. Aliliona jani kabla hajaniona mimi. Macho yakakaa pale, yakapanda usoni kwangu, yakaenda kwa Manka aliyejibanza mgongoni mwangu, yakarudi kwenye jani. Umande ukawa unadondoka toka kwenye ncha yake unaniangukia dole gumba la mguu, tone, kimya, tone, nikawa nazihesabu maana sikujua kingine cha kufanya. Babu akavua kofia akaikung'utia pajani kama ina vumbi, masika ile vumbi litoke wapi. Af akapokea.

"Nani kakufundisha hii?"

Nikageuka nyuma. Akamwambia Manka kitu kwa Kichagga, kifupi tu, Manka akainamisha kichwa. Ndo akanigeukia mimi: "Marahaba. Mkalale."

Alichosema Manka hajanitafsiria mpaka leo na tunapigiana simu kila Krismasi. Anachosema tu ni kwamba kwao ukiletewa sale umeshafungwa, huna namna ya kukataa kusamehe. Sasa mimi hapo ndo panaponisumbua, maana kama hana namna ya kukataa, alinisamehe yeye au lilinisamehe jani?

Bumu lilipoingia nikampelekea sukari kilo mbili, akapokea, asante mjukuu wangu. Wiki chache mbele akapanda mnavu upya, mistari ile ile, ila safari hii kauzungushia masale pande zote nne. Maana Wachagga mpaka wa shamba nao ni masale hayo hayo. Nikipita namwamkia, anaitika vizuri tu.

Mtoto kasikiliza yote hiyo mguu uko mapajani kwangu.

"Kwa hiyo babu alikusamehe?"

"Geuza mguu," nikamwambia, "vya nyuma bado."